Safari ya Kigoma Kulifuata Jina Lisilotajwa

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya sentensi moja ambayo rafiki yangu Yusta alinisomea kwa simu nikiwa nachambua mchicha. Yusta ni wakili. Tulisoma sekondari pamoja, yeye akaenda kwenye sheria, mimi nikaenda kwenye kuandika makala, na tangu ahamie Kigoma kuwatetea wakimbizi wasio na uwezo wa kulipia wakili, hunipigia kila anapokutana na jambo linalomkera. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Mwombaji ameshindwa kutaja jina la baba mkwe wake kwa kuwa halijui, hivyo haaminiki kuwa ni mke wa mtu anayedai kuwa mumewe."

"Wewe jina la baba mkwe wako unalijua?" Yusta aliniuliza.

"Hadi la utani nalijua."

"Basi na huyu mteja wangu analijua. Ndiyo maana hakulitaja."

Sikumwelewa, naye alikusudia nisimwelewe, maana anajua namna ya kunitoa nyumbani. Aliniambia kwamba mteja huyo, mama kutoka Burundi nitakayemwita Konsolata, alinyimwa hifadhi kwa sentensi hiyo. Yusta aliomba shauri lisikilizwe upya, na ombi likakubaliwa. Konsolata ameridhia niandike mradi majina yote niyabadilishe, na mwenyekiti wa kamati inayosikiliza maombi ya hifadhi ameridhia nikae kiti cha nyuma mradi nisiingie na kalamu wala simu. Nikaweka mchicha jikoni, nikaenda kuulizia tiketi ya treni.

Njiani, reli ya kati ilifanya kazi yake ya siku zote: kutuonyesha nchi polepole. Tabora tulinunua asali iliyotiwa kwenye chupa za maji, Uvinza wakatuletea chumvi dirishani. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Kigoma na mizigo ya mitumba aliniuliza nafuata nini huko, mawese au dagaa.

"Nakwenda kusikiliza shauri la mkimbizi," nikamjibu.

"Kwani Morogoro mashauri yameisha?"

Behewa zima likacheka, nami nikacheka nao. Hata hivyo, alipojua nina nia ya kweli aliacha mzaha. Alisema mjini kwao kila mtu ana ndugu, jirani au mkwe aliyevuka mpaka akikimbia, na wengi walirudishwa walikotoka bila wao wenyewe kuelewa walikosea wapi. "Unaingia chumbani unasema, unatoka, unapewa karatasi," alisema. "Katikati hapo hujui maneno yako yamepita wapi."

Kigoma, reli inaishia karibu kabisa na maji. Unashuka kwenye jengo kubwa la zamani la stesheni, unageuka, na ziwa liko hapo chini, na ng'ambo milima ya Kongo inaonekana kama moshi uliosahau kupaa. Yusta alikuwa akinisubiri na bajaji. Hakunipa hata nafasi ya kuoga. Tulipanda moja kwa moja kupitia Mwanga hadi Ujiji, kwenye hosteli ya masista ambako Konsolata alikuwa amefikia kwa kibali cha kutoka kambini. Watoto wake wawili aliwaacha huko kwa jirani.

Tulimkuta uani anapiga pasi. Ilikuwa pasi ya mkaa, na kitenge alichokuwa akikinyoosha ndicho atakachovaa mbele ya kamati. Ni mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia ya kusikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu. Pembeni yake alikaa Jenista, mkalimani aliyetafutwa na Yusta, Muha wa Kasulu aliyeishi miaka mingi mpakani na anayekisema Kirundi kama Kiha chake. Konsolata anajua Kiswahili, lakini ni kile cha sokoni, cha kununua na kusalimiana. Mambo ya kifo huyasema kwa Kirundi.

"Amahoro," nilimsalimia, neno pekee nililokuwa nimejifunza.

"Amahoro, dada. Umekuja na treni? Pole. Kaa, usiguse pasi, inachoma hadi kwenye mpini."

Alinisimulia kwa vituo, Jenista akitafsiri. Baba mkwe wake aliuawa. Baadaye mume wake akachukuliwa na watu wenye silaha na hajaonekana tena. Kisha watu hao wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakimuulizia kila aliye wa ukoo wa yule mzee, kwa jina. Ndipo Konsolata akakimbilia ziwani na watoto, akapata mtumbwi, akavuka. Kwa hiyo jina la mzee ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa shauri. Akiwa kweli ni mkamwana wa mzee huyo, hatari ni yake. Asipokuwa, hana sababu ya kupewa hifadhi, na atarudishwa.

Na jina hilo hakulitaja. Kwao, mke hatamki jina la baba wa mumewe, akiwa hai au amekufa, na wanawake wa kijijini kwao bado wanalishika hilo bila kulegeza. Nilimuuliza kama hawezi kuliandika kwenye karatasi.

Konsolata alicheka. "Mkono huo utakaoandika ni wa nani?"

"Lakini maisha yako yako hapo," nilisema. "Mara moja tu, hata kwa kunong'ona?"

Aliiweka pasi kando ndipo akajibu, na Jenista akatafsiri taratibu, bila kuruka. "Waliokuja kutuua walilitaja hilo jina kwenye kila mlango. Na mimi waliniuliza, wewe ni mkamwana wa fulani, nikanyamaza. Niliwanyamazia wale wenye panga. Sasa hawa wenye kalamu wanasema si mke kwa sababu sikulitaja. Kule kwetu, ungesikia mwanamke analitaja ovyo, ndipo ungesema huyu si mke wa hapa."

Yusta akanikonyeza, kama mtu aliyeshinda dau.

Chakula kilipoletwa, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyoungwa kwa mawese, Jenista alinieleza alivyolijua tatizo. Yusta, ambaye ni mtu wa Mbeya, alikuwa ameuliza swali lilelile siku ya kwanza: baba mkwe anaitwa nani? Jenista hakutafsiri. Aliomba ruhusa aseme neno lake mwenyewe, akasema, "Wakili, hilo swali nikilipeleka kama lilivyo litarudi tupu. Nikueleze kwanza kwa nini, halafu uamue." Yusta anasema hapo ndipo alipoelewa faili lote.

Asubuhi iliyofuata, Mwanga, nilimtafuta mkalimani aliyetafsiri kwenye kikao cha kwanza, kile ambacho Konsolata alinyimwa hifadhi. Sikutaka kuandika habari ya upande mmoja. Nitamwita Deo. Ana kibanda cha kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, na nilimkuta akimwambia mteja ainue kidevu. Ni kijana aliyelelewa Bujumbura, Kirundi chake ni safi, Kiswahili chake safi pia. Nilidhani atanifukuza. Aliniletea kiti.

"Ulijua kwa nini hakulitaja?" nilimuuliza.

"Nilijua, dada. Mama yangu mwenyewe hivyohivyo. Babu yetu alikuwa na jina moja na jirani, basi mama alikuwa anamwita jirani 'yule wa mgombani' mpaka jirani akazoea."

"Sasa kwa nini ulisema hajui?"

Deo aliangalia mashine yake ya fotokopi. "Yule mama aliongea kwa kirefu. Alieleza kila kitu. Alipomaliza, mmoja wa wanakamati akaniambia, mkalimani, hatutaki hotuba, jina ni lipi? Siku hiyo foleni ya watu ilikuwa nje inatusubiri, na mkalimani wao wote ni mimi. Nikasema, hajui."

"Hukuona kwamba umebadilisha?"

"Nilifundishwa nisiongeze neno langu. Hilo nililishika kama amri. Hakuna aliyeniambia nisipunguze."

Alisema bila kujitetea sana. Yusta alipomfuata baada ya uamuzi kutoka, Deo alikubali kuandika na kutia saini kwamba alifupisha jibu, na kwamba maelezo yaliyoandikwa siku hiyo mwombaji hakusomewa kabla ya kuweka dole gumba. Tangu atie saini hiyo hajaitwa tena kutafsiri. "Sasa napiga picha," alisema. "Hapa angalau mtu akitoka na sura isiyo yake ananirudishia palepale."

Kibirizi, kwenye mwalo wa boti, Yusta na mimi tulifika mchana tukikimbia. Tulikuwa na kazi moja kubwa iliyobaki. Kuieleza kamati mila ni hatua, lakini Yusta alijua watauliza: tutahakikishaje kwamba analijua kweli? Alihitajika mtu ambaye jina hilo si mwiko kwake. Mtu huyo alikuwepo: dada wa damu wa yule mzee, aliyeolewa na Muha mvuvi zamani sana na kuishi Mwamgongo, kaskazini ya Gombe. Ndiye aliyempokea Konsolata usiku ule alipovuka. Yusta alikwisha kumtumia ujumbe kupitia watu wa boti, na jibu lililorudi lilikuwa fupi: hapana. Konsolata hakuwa na kibali cha kwenda huko, kwa hiyo tuliondoka Yusta na mimi.

Boti za vijiji huja Kibirizi asubuhi na kurudi mchana zikiwa zimeshiba. Yetu ilibeba mabati, unga, kreti za soda, godoro moja lenye mwenyewe juu yake, na sisi. Harufu ya dagaa ilitusindikiza hadi tulipoipita rasi, kisha ikabaki harufu ya petroli na maji. Ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi yaliyopiga mbavu za boti. Gombe ilipita upande wa kulia, msitu umeshuka hadi kwenye changarawe, na nyani wamekaa ufukweni wanatutazama kama watu waliochelewa boti.

"Akikataa tena?" nilimuuliza Yusta.

"Nitakula migebuka, nitarudi."

Lakini alikuwa ameshikilia begi lake la faili kwa mikono miwili.

Mwamgongo hakuna gari. Nyumba zimejibana kati ya ziwa na mlima mkali, na njia zote ni za miguu. Bibi Feliste, hivyo ndivyo nitakavyomwita, tulimkuta ufukweni akigeuza dagaa walioanikwa juani, na hakuacha kuwageuza tulipomwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie ni wale wa karatasi."

"Ndiyo, bibi," Yusta alisema. "Ni sisi wa karatasi."

"Nilishasema hapana. Boti haikuwaambia?"

"Iliniambia. Nimekuja kuisikia hapana yenyewe kwa masikio yangu, na sababu yake."

Hilo lilimfurahisha kidogo. Akatupa kila mmoja nafasi ya kugeuza dagaa, na kazi ikaendelea huku akisema. Sababu yake haikuwa ndogo. Alikuja Tanganyika msichana, akaolewa, akazaa, akazika mume hapohapo. Watu wote wanamjua kama mama wa Mwamgongo. Je, akiingia kwenye chumba cha serikali na kusema kaka yake alikuwa Mrundi wa kule, hawatamgeukia yeye na kumuuliza karatasi zake? "Nimezeeka mwanangu. Sitaki kuanza kuwa mgeni leo."

Nilitegemea Yusta atamwahidi kwamba hakuna baya litakalompata. Hakumwahidi. Alimwambia kwamba kamati inasikiliza ombi la Konsolata tu, kwamba ataomba liandikwe tangu mwanzo kuwa shahidi hataulizwa habari za ukaazi wake, na kwamba ombi hilo likikataliwa, bibi ana haki ya kunyanyuka na kuondoka bila kusema neno, na yeye Yusta atamrudisha hadi kwenye boti. "Zaidi ya hapo nikikuambia, nitakuwa nakudanganya."

Bibi Feliste aligeuza safu nyingine ya dagaa. Kisha akauliza, "Yule binti, walimkatalia kwa sababu gani hasa? Boti iliniambia ovyo."

Yusta akamsimulia habari ya jina.

"Hakulitaja?"

"Hakulitaja."

"Hata mbele ya serikali? Wakamwambia watamrudisha, na bado hakulitaja?"

"Bado, bibi."

Bibi akanyanyuka, akajipangusa mikono kwenye khanga, akaangalia ziwa upande wa kwao. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kifuani. "Kaka yangu alikuwa mkorofi huyo! Wakamwana wake wote walikuwa wanamsema jikoni. Na huyu anamlindia jina hadi Kigoma. Nikimwacha binti wa namna hiyo arudishwe, kaka atanicheka huko aliko." Akaita jirani aje kuwaangalia dagaa. "Kesho twende. Lakini mimi sipandi bajaji bila kula kwanza."

Tulilala kwake, na alfajiri tukashuka tena na boti, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya dagaa haohao.

Kigoma, Yusta hakumpeleka bibi Ujiji. Alimpeleka nyumbani kwake, na akamweleza kwamba hataonana na Konsolata hadi wote wawili wawe wamekwisha kusema, ili mtu yeyote asipate pa kusema kwamba walipangana.

"Nimevuka ziwa kumwona mtu," bibi alilalamika, "mnanificha kama magendo."

Siku ya kikao, chumba kilikuwa kwenye jengo la serikali ghorofani, na madirisha yalionyesha bandari. Waliokaa mezani walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani yenye mnyororo. Kulia kwake alikaa bwana mwembamba aliyesoma faili kwa kidole, na kushoto kijana wa kuandika kumbukumbu. Mimi nilikaa nyuma, mikono mitupu, nikajiambia nikariri kila kitu.

Kabla ya lolote, Jenista aliomba kusema. Alieleza kwamba atatafsiri kila kitakachosemwa na kila upande, kirefu kama kilivyo, na mwombaji akisema "mimi", naye atasema "mimi". Kukiwa na jambo linalozuia swali lisifike, atainua mkono na kulisema kwa jina lake kama mkalimani, ili lisichanganywe na maneno ya mwombaji. Mwenyekiti akamuuliza Konsolata kama wanaelewana na mkalimani, na kama anapenda aliye mwanamke au angetaka mwingine.

"Yego," Konsolata alikubali. "Huyu huyu."

Swali lilikuja mapema kuliko nilivyodhani. Bwana mwembamba ndiye aliyeliuliza. "Taja jina la baba mkwe wako."

Konsolata alijibu kwa kirefu. Jenista alitafsiri kwa kirefu vilevile, na nilimwona kijana wa kumbukumbu akijinyoosha vidole. "Jina lake nalijua. Nililijua kabla sijaolewa, maana ndiye aliyekuja kwetu kuniposa kwa niaba ya mwanawe. Mimi silitaji. Kwetu mke halitaji jina la baba wa mumewe. Mara ya kwanza nililieleza hili hapa, nikadhani limeandikwa."

"Sasa kila atakayekuja atasema ni mila," bwana mwembamba alisema, na Jenista akamtafsiria Konsolata hata hilo. Bwana yule akashtuka kidogo. Nadhani hakuwa amezoea maneno yake ya pembeni kuvuka meza.

Nilijikuta nampa haki yule bwana. Swali lake lilikuwa la msingi, na mwenyekiti hakulipuuza. Alimgeukia Yusta. Yusta akasema yuko shahidi nje, dada wa marehemu, ambaye hajaonana na mwombaji tangu afike mjini, na akaomba iandikwe kwamba shahidi hataulizwa habari za ukaazi wake mwenyewe. Mwenyekiti akakubali, ikaandikwa. Konsolata akatolewa kwa mlango mmoja, Bibi Feliste akaingizwa kwa mwingine.

"Kaka yako aliitwa nani, bibi?"

Bibi akalitaja, jina na jina la ukoo, kwa sauti ya kuita mtu shambani. Kisha akaongeza kwamba alipenda ugomvi na ndizi. Alimtambua Konsolata kwa picha, akasema ndiye aliyelala kwake siku aliyovuka, na akaulizwa mengine machache. Hakuna aliyemuuliza karatasi.

Bibi alipotoka, mwenyekiti alichukua karatasi tupu, akaandika juu yake kwa muda, akitulia baina ya mstari na mstari. Alipomaliza alisema ameandika majina ya wanaume, mengi ameyachagua yeye, na ndani yake limo alilolisikia kwa shahidi. Konsolata akarudishwa. Akaelezwa: mkalimani atasoma majina, yeye hatasema lolote, atainua mkono akisikia la baba mkwe wake. Je, mila yake inamkataza?

Konsolata alifikiri hadi tukasikia honi ya meli bandarini. "Kulisikia sikatazwi," Jenista alitafsiri. "Walilisema mbele yangu watu wabaya. Na nyinyi lisemeni."

Jenista alianza kusoma, jina baada ya jina, sauti yake ikiwa ileile. Konsolata alikaa wima, mikono kwenye kile kitenge kilichonyooshwa vizuri. Majina yalipita. Nikaanza kuogopa kwamba hofu imemziba masikio. Halafu Jenista akasoma jingine, na Konsolata akainamisha kichwa, akavuta pembe ya kitenge, akajifunika mdomo. Ndipo, akiwa bado ameinama, akainua mkono.

Mwenyekiti alimsogezea karatasi yule bwana mwembamba. Bwana akaweka kidole chake juu ya jina, akalitazama, akaitikia kwa kichwa, na nusu saa iliyofuata akauliza maswali mazuri kuliko wote.

Mwisho wa kikao, maelezo yote yalisomwa tena kwa Kirundi. Konsolata aliinua mkono mara kadhaa. Palikuwa na mahali walipoandika nyumba iliungua. "Oya. Nyumba haikuungua. Kilichoungua ni kitanda. Nyumba waliichukua." Kijana wa kumbukumbu akasahihisha, akasoma upya. Ni baada ya hapo tu ndipo Konsolata akaletewa kalamu. Wino wa dole gumba aliukataa. Kuandika jina lake mwenyewe anajua, na hilo halina mwiko.

Koridoni, Bibi Feliste alikuwa amesimama akingoja, na alipomwona Konsolata alimwita kwa sauti iliyowatoa makarani milangoni: mkamwana wa fulani! Alilitaja jina lote la kaka yake, makusudi, akicheka. Konsolata akaziba masikio. "Shangazi! Nyamaza, shangazi!" Wakakumbatiana hivyo, mmoja akilirudia jina, mwingine akimfunika mdomo kwa kiganja, na wote wawili wakilia.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimejaa. Treni ilipoacha ziwa nilianza kuandika niliyoyakariri, na nikagundua mkono wangu unataka kufanya kile alichofanya Deo. Ulitaka kufupisha. Konsolata alieleza sababu zake kwa kirefu, na mimi nikaandika, "alikataa kwa sababu za kimila." Nikafuta, nikaandika upya yote aliyosema. Nimewahi kuripoti mahakamani na mabarazani, na siku zote niliamini kwamba hatari ya mwandishi ni kutia chumvi. Kigoma imenifundisha kumwogopa pia yule anayepunguza, hasa anapopunguza kwa nia njema, foleni ikiwa nje. Chumba kinaweza kuwa na meza, mwenyekiti na mihuri yote, na bado mtu asiwe amesikilizwa. Na chumba hichohicho, kwa mkalimani anayeachiwa muda, shahidi anayelindwa na maelezo yanayosomwa hadi mwisho, kinaweza kumsikia mtu hata pale anapokaa kimya.

Nilikuwa nyumbani, nachambua mchicha tena, Yusta aliponipigia. Aliniita kwa jina langu la shuleni, nikajua. Konsolata amepewa hifadhi, yeye na watoto. Bibi Feliste ametuma salamu na gunia dogo la dagaa, na anauliza kama Morogoro kuna ziwa.

Siku chache baadaye, mhariri wangu alisoma makala hii hadi mwisho, akanipigia. Alisema ni nzuri, ila kuna tundu moja ambalo msomaji ataliona. Alijua majina mengine nimeyabadilisha, na hilo hakujali. Lakini huyu mzee, ambaye kila kitu kinamzunguka yeye, sijampa hata jina la kubuni. Je, nimelisahau?

"Nalijua," nilimjibu. "Silitaji."